NANI MASKINI KATI YETU?

Mada juu ya kuutambua na kuupima umaskini wa kaya, iliyotolewa kwa viongozi wa halmashauri ya walei na wenyeviti wa jumuiya ndogondogo



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya namna ya kuutambua na kuupima umaskini katika kaya zetu. Huenda baadhi yenu mnajiuliza: je, umaskini unahitaji kupimwa? Mwenye njaa si anaonekana kwa macho? Nami kwa miaka mingi nilifikiri hivyo. Niliacha kufikiri hivyo kwa sababu ya jambo moja lililopitia mikononi mwangu, na ni vema nianze nalo.

1. Orodha niliyoisoma mimi mwenyewe

Miaka iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya huduma katika parokia moja ya kijijini. Mwaka ule mvua zilikatika mapema na mahindi yakakauka kabla ya kubeba. Parokia ilipata magunia machache ya mahindi, pamoja na fedha kidogo za sare na madaftari ya watoto. Hazikutosha kuwasaidia wote; ilitubidi tuchague. Tulikaa tukakubaliana vigezo viwili: kaya inayoishi katika nyumba ya nyasi, na kaya isiyo na ng'ombe hata mmoja. Kisha tukaita mkutano siku ya Jumatano asubuhi. Nilisoma majina, watu wakayakubali, tukafunga kwa sala.

Palikuwa na mjane mmoja, mama wa watoto wanne. Marehemu mumewe alikuwa amemwachia nyumba ya mabati. Kwa vigezo vyetu mama huyu hakuwa maskini. Asubuhi ile hakuwepo mkutanoni, kwa maana alikuwa amekwenda kulima kibarua katika shamba la mtu ili watoto wapate unga wa jioni. Hakuna aliyemtaja. Baada ya miezi miwili binti yake mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, alichukuliwa kwenda mjini kufanya kazi za nyumbani. Hakurudi tena shuleni.

Nilipokwenda kumwona yule mama hakunilaumu. Alisema tu kwamba bati haliliwi.

Ndugu zangu, katika kamati yetu hapakuwa na mwizi, wala hatukumpendelea mtu kwa kujua. Tulikosea katika kipimo. Hilo ndilo neno langu la leo: kipimo cha umaskini ni suala la haki, kwa sababu kila anayechora mstari huamua nani atabaki nje yake. Anayechora mstari huo hana budi kumjua aliyebaki nje, na kuwa tayari kumjibu.

2. Kaya ni nini?

Wataalamu wa takwimu hapa Tanzania hawampimi mtu mmoja mmoja, bali huipima kaya. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chakula cha chungu kimoja, wakiwa na mtu mmoja wanayemtambua kuwa mkuu wao. Kaya si lazima iwe ukoo, wala haifanani daima na familia. Bibi anayelea wajukuu watatu walioachwa na wazazi wao ni mkuu wa kaya. Baba aliyekwenda kwenye machimbo na kukaa huko mwaka mzima pasipo kutuma kitu ni wa familia, lakini si wa chungu kile.

Jambo hili laonekana dogo, lakini katika kazi yenu lina uzito. Jumuiya zetu nyingi huandika familia kwa jina la baba. Yawezekana jina moja katika daftari likaficha kaya mbili au tatu zinazokaa katika ua mmoja na kupika vyungu mbalimbali, kimoja kina nyama na kingine mboga za kuchuma porini.

3. Mstari wa umaskini huchorwaje?

Fikra ya kuchora mstari si ngeni. Mwaka 1899 Bwana Seebohm Rowntree, ambaye familia yake ilimiliki kiwanda cha chokoleti, aliwatuma watu kuzipitia nyumba za wafanyakazi katika mji wa York, Uingereza. Akapiga hesabu ya chakula, kodi ya nyumba, nguo na kuni ambavyo familia haiwezi kuishi bila navyo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1901 na kuwashtua wengi, kwa kuwa kilionyesha kwamba watu wapatao 28 katika kila 100 wa mji ule waliishi katika umaskini. Rowntree mwenyewe alieleza jinsi mstari wake ulivyokuwa mkali: familia iliyokaa juu yake isingeweza kununua gazeti, wala kumwandikia barua mtoto aliye mbali, wala kutoa senti moja kanisani.

Hapa kwetu Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufuata njia inayofanana na hiyo, katika utafiti uitwao Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Kazi hiyo ilifanyika Tanzania Bara mwaka 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Kila kaya iliyochaguliwa huandika katika daftari kile inachotumia kwa majuma kadhaa, pamoja na thamani ya chakula ilicholima yenyewe. Kinachotazamwa zaidi ni matumizi, si mapato. Maana mkulima hupata fedha mara moja au mbili kwa mwaka, lakini hula kila siku.

Kisha huulizwa: mtu mzima ahitaji fedha kiasi gani ili apate chakula cha kumpa kalori 2,200 kwa siku, kwa vyakula ambavyo watu wa kipato cha chini hula? Hapo hupatikana mstari wa umaskini wa chakula. Juu yake huongezwa kiasi cha mavazi, sabuni, dawa, mafuta ya taa, shule na mengineyo, na hapo hupatikana mstari wa mahitaji ya msingi. Katika utafiti wa 2017/18 mstari wa chakula ulikuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ule wa mahitaji ya msingi shilingi 49,320.

Naomba tuzitafakari hesabu hizi. Shilingi 49,320 kwa mwezi ni kama shilingi 1,644 kwa siku. Ukiondoa chakula, hubaki shilingi 15,572 kwa mwezi, yaani shilingi mia tano na kitu kwa siku, kwa ajili ya kila kitu kingine cha maisha ya mtu. Aliyetumia shilingi 50,000 mwaka ule hakuhesabiwa kuwa maskini. Basi tusidhani kwamba kuwa juu ya mstari ni kuishi vizuri.

Kwa kipimo hicho, watu 26.4 katika kila 100 wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na 8 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari wa chakula. Mwaka 2011/12 walikuwa 28.2 na 9.7. Yapo maendeleo, na ni haki kuyakiri. Lakini watu waliongezeka upesi kuliko umaskini ulivyopungua, hata idadi yenyewe ya watu maskini ikawa kubwa zaidi. Anayesema umaskini umepungua na anayesema maskini wameongezeka wote wawili wasema kweli; mmoja ahesabu sehemu, mwingine ahesabu vichwa.

Upo tena mstari wa Benki ya Dunia. Ulijulikana tangu mwaka 1990 kuwa dola moja kwa siku. Mwaka 2015 ulipandishwa kuwa dola 1.90, mwaka 2022 ukawa 2.15, na mwaka 2025 ukawa 3.00. Dola hizo si zile za dukani, bali hurekebishwa kufuatana na uwezo wa fedha kununua vitu katika kila nchi. Kwa mstari wa dola 1.90, karibu nusu ya Watanzania walikuwa maskini mwaka 2018. Nchi ni ile ile na watu ni wale wale, ila mstari mmoja watoa robo na mwingine watoa nusu. Hakuna aliyedanganya. Wamekubaliana tu mambo tofauti juu ya kile ambacho binadamu hapaswi kukikosa.

4. Mambo ambayo mstari hauyaoni

Takwimu hizi ni za lazima, na pasipo hizo Serikali ingekuwa ikipapasa gizani. Ila yapo mambo manne ambayo mstari hauyaoni vema, nayo ndiyo yanayowahusu ninyi.

(a) Kina. Kuhesabu waliopo chini ya mstari hakuonyeshi wako chini kiasi gani. Aliyepungukiwa shilingi 500 na aliyepungukiwa shilingi 30,000 huhesabiwa sawa. Wataalamu wana kipimo cha pili kinachojumlisha upungufu wenyewe. Nasi tusitosheke kuuliza wangapi wamezama. Tuulize maji yamewafika wapi.

(b) Majira na madeni. Kaya inayokula mara tatu wakati wa mavuno yaweza kula mara moja tu mvua zinapoanza na ghala limekwisha. Mkoani Kagera ipo desturi iitwayo butura: mkulima huuza kahawa ingali changa mtini, kwa bei ya chini, ili apate fedha za ada au za ugonjwa. Ukimtembelea mwezi huo utamkuta na fedha mkononi. Ukirudi wakati wa kuvuna, kahawa iko shambani mwake lakini si yake. Kwa hiyo tusiulize tu kaya inatumia nini, bali pia inatumia cha nani, na kitalipwa lini.

(c) Huduma. Kaya yaweza kuwa na fedha kidogo mfukoni na bado ikateseka kwa sababu kisima kiko mbali au zahanati haipo. Kwa sababu hiyo mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Oxford na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa walitoa kipimo cha umaskini wa namna nyingi. Hutazama viashiria kumi katika afya, elimu na hali ya maisha, kama vile lishe, miaka ya shule, maji safi, choo na sakafu. Kaya iliyokosa theluthi moja ya mambo hayo, kwa uzito uliowekwa, huhesabiwa kuwa maskini.

(d) Ndani ya mlango. Hili ndilo naliona kuwa zito kuliko yote. Kipimo cha kaya hugawa matumizi kana kwamba wote wanakula sawa. Mtoto mchanga huhesabiwa chini ya nusu ya mtu mzima; mwanamke huhesabiwa pungufu kidogo kuliko mwanamume, kwa kuwa mwili wake hudhaniwa kuhitaji chakula kidogo zaidi. Lakini sote twajua nani huamka kwanza kuchota maji, nani hushika jembe, na nani hula mwisho. Baba aweza kuuza magunia kumi ya mpunga na kaya ikaonekana ina nafuu, huku mama akikopa chumvi kwa jirani.

Sasa nirudi kwa yule binti wa darasa la sita. Alipoondoka nyumbani, vinywa vilipungua kutoka vitano hadi vinne. Unga uliokuwa ukigawanywa kwa watano sasa uligawanywa kwa wanne. Ukichukua kalamu ukapiga hesabu, kaya ya yule mjane ilipanda. Ilikuwa na nafuu kuliko jana yake. Naye binti, kwa kuwa alikula na kulala kwa mwajiri wake, angehesabiwa katika kaya ya mjini yenye uwezo. Kwa hesabu, basi, hapakuwa na hasara yoyote: mama hakuzidi kuwa maskini, na binti hakuwa maskini kabisa. Hesabu ni sahihi. Lakini mtoto alipoteza shule, na mama alipoteza mtoto. Nimeitafuta safu ya kuandika jambo hilo katika daftari letu la kamati sikuiona.

5. Kijiji kinapochagua chenyewe

Mtu atasema: basi tuwaachie wanakijiji wenyewe, wao ndio wanaojuana. Kwa sehemu ni kweli. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, uliutumia ujuzi huo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012 na kuzifikia kaya zaidi ya milioni moja. Kwanza jamii ilizitaja kaya maskini sana. Kisha kila kaya iliulizwa maswali juu ya watu wake, nyumba yake na vitu vyake, na majibu yakapimwa kwa kanuni moja ya nchi nzima. Mwisho orodha ikarudishwa katika mkutano wa kijiji ili ithibitishwe. Njia ile ilikuwa na busara: jicho la jirani huona kisichoonekana katika dodoso, na dodoso husahihisha jicho la jirani linapopendelea.

Lakini kila orodha ina makosa mawili: kumwingiza asiyestahili na kumwacha anayestahili. Kosa la kwanza lina kelele, maana watu humwona aliyepewa bila haki nao hunung'unika. Kosa la pili halina sauti. Aliyeachwa mara nyingi ndiye yule asiyekuja mkutanoni: yuko kibaruani, ni mgonjwa, ni mzee asiyeweza kutembea, ni mgeni kijijini, ana mtoto mlemavu anayefichwa, au ni mwanamke kikongwe aliyesingiziwa uchawi na ambaye hakuna anayetaka kumtaja. Nasi tukiona mkutano umenyamaza, hudhani umekubali.

6. Nasi tufanye nini?

Mwaka 1988 Bibi Barbara Grandin, aliyekuwa amefanya kazi na wafugaji wa Kenya, alichapisha mwongozo wa njia rahisi ambayo jumuiya yoyote yaweza kuitumia. Jina la kila kaya huandikwa katika kadi moja. Watu watatu au wanne wanaokijua kijiji huitwa mmoja mmoja, kila mtu peke yake, nao huombwa wazipange kadi katika mafungu kufuatana na hali za kaya na kueleza sababu. Kisha majibu hulinganishwa. Pale wote walipokubaliana, kaya ile inajulikana. Pale walipotofautiana, ndipo mahali pa kwenda kutembelea. Napendekeza kwamba miongoni mwa wapangaji awepo daima mwanamke, na awepo mtu ambaye yeye mwenyewe ni maskini.

Pamoja na hiyo, nawaombeni mzingatie mambo yafuatayo:

Kwanza, orodha yoyote ya msaada isianze kwa mkutano, bali ianze kwa matembezi. Kiongozi aende nyumbani, jioni, wakati chungu kiko mekoni.

Pili, baada ya kusoma majina yaliyomo, usomwe wazi mwito huu: nani hayupo hapa leo, na kwa nini? Jina la kila asiyekuwepo liandikwe, na mtu atumwe kwake kabla ya kufunga orodha.

Tatu, kigezo kimoja kisitoshe. Bati, baiskeli au simu ya mkononi ni mali iliyonunuliwa jana. Haisemi kilicholiwa leo.

Nne, tuulize juu ya watu na si juu ya vitu tu: ni mtoto gani ameacha shule, nani ameondoka nyumbani mwaka huu, nani hajaenda zahanati japokuwa anaumwa, nini kimeuzwa kabla ya kuvunwa.

Tano, tuyatazame upya madaftari yetu wenyewe. Tunapoona jina lisilo na alama katika daftari la zaka au la michango ya mazishi, tusianze kwa kuuliza juu ya imani ya mtu huyo. Tuanze kwa kuuliza juu ya chungu chake. Mmekumbuka kwamba mstari wa Rowntree haukuwa na nafasi ya senti ya kanisani. Wapo kati yetu wanaoacha kuja jumuiya kwa aibu ya mchango tu. Na Bwana wetu alipokaa akiitazama sanduku la sadaka, hakukipima kilichotolewa, bali kile kilichobaki nyumbani kwa yule mjane.

Mwisho, makosa yakigundulika, orodha ifunguliwe upya. Sisi hatukuifungua yetu. Tulisema imekwisha kupitishwa na mkutano. Neno hilo lilikuwa kweli, nalo halikumsaidia mtu.

Ndugu zangu, siwaombi mwe wataalamu wa takwimu. Serikali itaendelea kutuambia ni wangapi, na tuiombe iseme hivyo kwa ukweli na kwa wakati. Lakini hakuna takwimu ya taifa itakayotuambia ni nani. Hiyo ni kazi ya mtu anayeishi umbali wa kuitana.

 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, sisi humwita mtu maskini kwa kutazama nini? Je, alama hizo bado ni za kweli?
2. Taja, pasipo kumwaibisha mtu, aina za watu ambao hawafiki mikutanoni. Nani huwasemea?
3. Ndani ya kaya zetu, nani hula mwisho, na nani huamua fedha za mavuno zitumikeje?
4. Je, wapo watoto walioondoka hapa kwenda kufanya kazi mijini? Nani anajua hali zao leo?
5. Orodha yetu ya mwisho ya misaada ilitengenezwaje? Nani aliachwa, na tunaweza kufanya nini sasa?